Herufi Moja Katika Damu

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki yumo mtoto ambaye mifupa humuuma mara kwa mara na damu humpungukia. Maradhi hayo ni selimundu. Wako wasemao kuwa mtoto amerogwa, na wako wamlaumuo mama yake peke yake. Twapenda leo kueleza asili ya maradhi haya, nayo imo katika namna seli za mwili zitengenezavyo protini.

Ndani ya kiini cha seli mna maandishi yaitwayo DNA, yenye herufi nne tu. Seli itakapo kutengeneza protini, hunakili sehemu ya maandishi yale. Nakala hutoka kiinini ikaenda kwenye kiwanda kidogo kiitwacho ribosomu. Huko husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja. Asidi amino hizo, aina 20, huungwa moja baada ya moja kama shanga katika uzi. Kisha uzi hujikunja ukawa protini.

Himoglobini, protini ichukuayo oksijeni katika damu, ina nyuzi nne: mbili za alfa na mbili za beta. Uzi wa beta una shanga 146. Katika selimundu ya kawaida, herufi moja tu imebadilika, na shanga ya 6 imekuwa nyingine. Vernon Ingram wa Cambridge, Uingereza, aliitambua shanga hiyo mwaka 1957. Himoglobini ya namna hii ikiisha kutoa oksijeni hushikamana, na seli nyekundu hupinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Ndiyo sababu ya maumivu. Tena seli nyekundu iliyo nzima huishi siku 120 hivi, lakini hizi hufa mapema mno. Ndiyo sababu ya damu kupungua.

Kila mtu hupokea maandishi hayo kwa baba na kwa mama. Mwenye nakala moja iliyobadilika kwa kawaida huwa mzima, wala hajijui. Wawili kama hao wakioana, katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Basi si uchawi, wala si kosa la mama. Yafaa vijana wapime damu kabla ya posa, na wazazi wasilionee haya jambo hilo. Na mtoto aliye mgonjwa apelekwe hospitali mapema, kwani dawa za kumpunguzia taabu zipo.