Usiku mmoja peke yetu katika msitu wa Masako



Swali lilitoka kwa mtoto wa darasa la 5, tulipokuwa tunafundisha somo la msitu. Tulikuwa tumechora ubaoni miti mirefu, miti ya kati na vichaka vya chini, tukaandika wanyama wa mchana upande mmoja na wa usiku upande mwingine. Kijana wa benchi la nyuma akainua kidole. "Madamu, wewe umeshalala msituni?" Tukamjibu upesi kwamba ndiyo, kisha tukageukia ubao na kufuta kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Jibu lilikuwa la kweli. Lakini halikuwa la kusimulia watoto hamsini saa nne za asubuhi.

Wenye umri wetu na waliotuzidi hawahitaji kukumbushwa. Tangu tarehe 5 hadi tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, sisi tukiwa katikati. Makombora yaliyoanguka Kisangani yalipita 6,000. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760, na nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa. Tulikuwa na miaka 9. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya daraja la Tshopo. Mama alimfunga mdogo wetu mgongoni, akamshika kaka yetu kwa mkono mmoja na sisi kwa mkono wa pili, sufuria kichwani, tukafuata barabara ya zamani ya Buta mpaka alipoona njia ya kuingia porini. Tulilala huko usiku nne, chini, juu ya majani. Mama hakulala. Kila kishindo kilipolia alituambia: "Hesabuni mpaka mia, kwa sauti." Tulihesabu, mimi nikimaliza kaka anaanza.

Tumeandika "mimi" hapo, mtusamehe. Desturi ya gazeti letu ni kusema "sisi", na tunaiheshimu, ila mjue kwamba katika habari hii yote inayofuata "sisi" ni mwanamke mmoja tu, mwalimu, mama wa watoto watatu, aliyekwenda porini bila mume na bila rafiki.

Tangu mwaka ule hatukulala tena msituni, wala mama yetu. Saa 12 za jioni ikifika anaita wajukuu waingie ndani, na akiuliza mtu sababu anasema mbu. Sisi nasi tumefundisha msitu miaka 11 kwa chaki. Kule ISP tulijifunza kwamba mwalimu asifundishe kitu ambacho yeye mwenyewe anakikimbia, tukaandika jambo hilo vizuri kwenye daftari, tukapata diploma.

Wazo la kulala juu ya kamba tulilipata kwa mwanafunzi wa Fakulte ya Sayansi anayepanga karibu na kwetu. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kituo cha utafiti Masako, na wanafunzi wanakwenda huko kuhesabu panya, popo na miti. Yeye alikuwa na amaki, yaani kitambaa kirefu kinachofungwa ncha mbili kwenye miti miwili, mtu akalala ndani kama mtoto mgongoni. Kitu chenyewe ni cha Wahindi wa visiwa vya Karibi, walikuwa wakilalia hivyo kabla Wahispania hawajafika, na hata jina limetoka kwao. Kwetu wazee wanakumbuka ndugu yake mbaya, tipoyi, ambayo mzungu alikaa juu na watu wetu wakaibeba begani kilomita na kilomita. Babu ya mama yetu aliibeba. Kwa hiyo mama alipoiona amaki mara ya kwanza aliuliza: "Na hii inabebwa na nani?" Tukamjibu inabebwa na miti.

Fundi wa kartie alitushonea moja kwa kitambaa kigumu cha mifuko, mshono mara tatu. Tulijifunza kuilalia katika parseli, kati ya mwembe na mti wa avoka, watoto wakicheka. Mara ya kwanza ilitugeuza tukaanguka kifudifudi. Siri ni kukaa kwanza katikati kama kwenye kiti, kisha kuingiza miguu, na kulala mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule. Ukilala katikati kabisa unajikunja kama ndizi na kiuno kinakuuma hadi asubuhi. Kamba isivutwe ikakaza. Ilegee kidogo, kitambaa kiwe na tumbo.

Vita vya nyumbani vilichukua wiki mbili. Mume wetu hakukataa, aliuliza tu maswali, na maswali yake yalikuwa ya haki: mvua ikinyesha? nyoka? watu? Mama mkwe alisema mwanamke anayelala porini peke yake ametafuta kitu huko, na majirani watasema ni kitu gani. Walisema, kweli. Hatutayaandika hapa. Tulimkumbusha mama mkwe kwamba wamama wa vijijini wanalala kambini kila mwaka wakati wa mbinzo, na wakati maji yanapungua wanakwenda kuziba vijito na kukamua samaki, na hakuna anayewaita wachawi. Akajibu kwamba wao wanakwenda wengi, na wanarudi na chakula. Hapo hatukuwa na jibu.

Mama yetu mzazi hakusema neno. Alitupatia kibiriti.

Tulichagua mwezi wa 7, likizo kubwa, mvua ikiwa imepungua kidogo, maana kwetu haikomi kabisa. Masako iko kilomita 14 kutoka mjini, kwenye ile barabara ya zamani ya Buta, ndani ya kona ya mto Tshopo. Tulikwenda na motari, tukashuka Batiabongena, tukaenda kwa mzee wa kijiji na sabuni na chumvi kama inavyopasa. Tulimwambia kweli tupu: tunataka kulala usiku mmoja, hatukati mti, hatuwindi. Alitutazama sana. Kisha akamwita mama mmoja mzee, mjane, ambaye mashamba yake yanapakana na msitu, atuonyeshe mahali.

Wasomaji wetu wengine watasema, basi hamkuwa peke yenu. Sawa. Koko yule alilala nyumbani kwake, mwendo wa dakika kumi na tano, na tulipatana kwamba tukipiga filimbi mara tatu anakuja na wajukuu wake na mapanga. Mama mwenye watoto hana ruhusa ya kupotea. Mnaotaka kufanya kama sisi, msifanye bila mwenyeji, na msiende upande ambako habari za usalama si nzuri. Nchi yetu mnaijua.

Njiani tuliona jinsi msitu ulivyorudi nyuma. Mahali pengi ni mihogo, makemba, na vichuguu vyeusi vya watu wa makala. Makala hayo tunapikia sisi, hatuna wa kumlaumu. Koko alitutembeza mpaka penye miti mikubwa ya limbali, ambayo chini yake ni kama ukumbi, giza na wazi, kwa sababu majani yake mengi yanazuia vichaka visiote. Kabla hatujafungua mzigo alitazama juu muda mrefu. Tulidhani anaomba. Alikuwa anatafuta matawi yaliyokufa. "Chui aliisha zamani," alisema. "Kinachoua mtu hapa usiku ni mti." Tulihama mara mbili mpaka akaridhika na anga la juu yetu.

Tulifunga amaki urefu wa kiuno, chandarua juu yake, na bashi juu ya vyote, imelegezwa pande mbili kama paa. Kwenye kila kamba tulifunga uzi mfupi unaoning'inia, ili maji ya mvua yakitiririka kutoka kwenye mti yafuate uzi na kudondoka nje, yasiingie kitandani. Koko aliongeza la kwake: kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, kimefungwa kila upande wa kamba, mchwa na siafu wasivuke. Alitukatia pia majani ya mangungu, yale tunayofungia kwanga, akayatandika chini ili tukishuka tusikanyage matope. Tukala kwanga na samaki. Akaaga. Saa 12 na nusu ilikuwa giza kama ndani ya chungu.

Tuwaambie kweli kuhusu saa mbili za kwanza: zilikuwa mbaya. Si kimya kinachotisha, ni kelele. Vyura, nyenje, kitu kinachokwaruza, kitu kinachodondoka. Kutoka upande wa mto kulianza sauti kama mtu anagonga sufuria, kwa kasi, bila kuchoka, halafu mwingine akamjibu. Ni popo wakubwa, madume, wenye pua nene kama nyundo, wanaita majike. Tulijua. Tuliwahi kumchora ubaoni. Mikono ilitetemeka vilevile. Kisha mlio wa perere, mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia anayepanda miti, lakini anapolia utasema mtoto anachinjwa, sauti inapanda, inapanda, inakatika. Tuliwasha tochi. Tukaizima, kwa sababu mwanga unaonyesha hatua tatu tu na baada ya hapo giza linakuwa nene zaidi.

Haja ndogo ilitubana saa tatu. Wanaume wanaoandika safari zao hawataji mambo haya. Tulikaa nayo saa nzima, tukishindana na nafsi, halafu tukavaa buti, tukashuka, tukamaliza, tukapanda. Hakuna kilichotokea. Baada ya hapo woga ulipungua sana, na hatujui kueleza kwa nini.

Baridi tuliipata tusikoitazamia, mgongoni. Juu tulikuwa na blanketi, lakini uzito wa mwili unabana kitambaa na hewa ya usiku inapita chini. Tukavuta blanketi la pili tukalilalia, tukapata joto. Kabla ya usingizi tulisikia chini yetu mchakato kama mvua ndogo juu ya majani makavu. Siafu. Msafara ulipita chini ya amaki labda nusu saa, wadudu wakiruka mbele yao. Tuliusikiliza kama mtu anayesikiliza lori la mwenzake likipita barabarani. Mwaka 2000 walitupata chini, kaka yetu bado ana alama kwenye kifundo.

Tulilala. Na hapo, saa nane hivi za usiku, mti ukaanguka.

Si karibu. Labda mita mia tatu. Kwanza mpasuko mkavu, kisha ngurumo ndefu, kisha ardhi ikatikisika na kamba zikatikisika nasi ndani. Msitu wote ukanyamaza. Hatukumbuki tulifanya nini mara moja. Tulijikuta tumekunja magoti kifuani, blanketi mdomoni, na tunahesabu. Kwa sauti. Tulikuwa tumefika thelathini na kitu kabla hatujatambua kwamba ni sisi tunaosema. Filimbi ilikuwa shingoni na hatukuigusa. Tuliendelea hadi mia, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, na tulipofika mia tukangoja kaka aanze.

Tulilia, dada zangu. Si kwa woga. Mwanamke wa miaka 34 alilia kwenye mfuko wa kitambaa kwa sababu alielewa kwamba mama yake wakati ule alikuwa na miaka 31, na hakuwa na chandarua, wala bashi, wala koko wa kumwita kwa filimbi.

Vyura walirudi kwanza, kisha nyenje. Popo nao wakaanza tena kugonga sufuria zao. Tukasinzia.

Asubuhi ilikuja kwa hondohondo, mabawa yao yakivuma juu ya miti kama treni ya mbali, kabla hatujamwona hata mmoja. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya vigogo. Koko alifika na chai katika bidoni na kutukuta tunakunja bashi. Aliuliza kama tulisikia mti. Tukasema tulisikia. "Nami nilisikia," akasema, "nikakaa mlangoni mpaka karibu alfajiri nikisubiri filimbi yako." Tulimpa blanketi moja. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akachukua.

Nyumbani watoto walitaka habari za nyoka, tukawakatisha tamaa. Mama yetu alikuja jioni, akasubiri watu wapungue, akauliza jambo moja: "Uliogopa wakati gani?" Tukamsimulia mti, na kuhesabu. Akanyamaza. Tukamwambia tulikuwa tunamshukuru, maana kuhesabu kule kulitutuliza tangu utoto.

"Sikuwahesabisha mtulie," alisema. "Kulikuwa na giza. Mdogo wenu nilimsikia akipumua mgongoni. Ninyi wawili sikuwaona. Nilitaka kusikia sauti mbili."

Miaka zaidi ya ishirini hakuwahi kutuambia. Na sisi hatukuwahi kuuliza, tulidhani tunajua.

Baadaye akataka kuiona amaki. Tukaifunga tena kati ya mwembe na mti wa avoka. Alikaa katikati kama tulivyomwonyesha, akaingiza miguu, mjukuu mmoja akimshika kila upande, akalala mshazari. Ilikuwa imepita saa 12 za jioni na hakumwambia mtu yeyote aingie ndani. Alikaa hivyo kitambo macho yakiwa juu, kisha akaita kwamba mgongo unaingia baridi, na mbona hakuna aliyeleta blanketi.