Jinsi ya kupunguza kelele zinazoingia dirishani (hasa sisi wa vyumba vya kupanga)

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuongelee usingizi.

Mimi nimepanga chumba Manzese, si mbali na Barabara ya Morogoro. Usiku ni malori, bodaboda zilizotobolewa ekzosi, wapiga debe wa alfajiri, na baa ya jirani ambayo spika zake ziko nje. Naishi na mdogo wangu anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Dogo akikosa usingizi siku tatu mfululizo, hata hesabu anazozijua zinamkimbia. Kwa hiyo hili somo nimelichimba kwa shida, sio kwa starehe.

Kama muda wako wa kafe unakaribia kuisha, ondoka na hili moja: ZIBA UPENYO KWANZA, mengine baadaye. Wenye muda tuendelee.

KELELE INAPITAJE?

Wale wa fizikia mnakumbuka, sauti ni hewa inayotikisika. Panapopita hewa, na yenyewe inapita. Pakizibwa, inabidi ikitikise kile kilichoziba ndipo itokee upande wa pili. Kitu kizito ni kigumu kukitikisa, chepesi kinatikisika kirahisi. Kwa hiyo kazi ni mbili tu: kuziba na kuweka uzito.

Kelele inapimwa kwa desibeli. Ikipungua desibeli 10, sikio linaona kama imepungua nusu hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 1999 lilisema chumbani kwa mtu aliyelala kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30, na mlio mmoja mmoja, mfano honi, usizidi 45.

Sasa sikia hesabu ya upenyo. Dirisha la mita moja kwa mita moja likiacha uwazi wa milimita mbili na nusu kuzunguka pande zote nne, huo uwazi ni asilimia 1 ya dirisha zima. Unaona ni kidogo, si ndio? Basi huo peke yake unatosha kufanya dirisha lisipunguze zaidi ya desibeli 20, hata kioo kiwe kinene namna gani. Ndio maana mtu anabadilisha kioo kwa hela nyingi halafu analala na honi zilezile.

Angalia madirisha yetu sasa. Luva hazifungi kabisa, kila kipande cha kioo kina upenyo wake. Aluminiamu ya kuteleza ina vile vibrashi pembeni, na vikishachakaa upepo unapita. Na wengine tuna nondo na wavu wa mbu tu, hapo kelele inaingia kama mwenye nyumba.

PIMA KABLA HUJATOA HELA

Kipimo cha kwanza ni tochi. Usiku zima taa, mtu apitishe tochi ya simu nje kuzunguka fremu. Mwanga unapopenya, weka alama kwa chaki.

Kipimo cha pili ni godoro. Lisimamishe liegemee dirisha, libane vizuri, sikiliza dakika tano. Kelele ikipungua sana, adui ni dirisha. Isipopungua, adui yuko kwingine: matundu ya hewa juu ya dirisha, mlango, au ule uwazi kati ya ukuta na bati kwenye nyumba isiyo na dari. Hapo ukihangaika na dirisha unapoteza hela bure.

VISIVYOSAIDIA SANA

Trei za mayai. Jamani, lile ni karatasi, halina uzito, halizuii kelele ya nje. Isitoshe linashika moto haraka. Sponji ya kubandika ukutani nayo inapunguza mwangwi wa ndani tu. Pazia zito linapunguza kidogo milio mikali, ila muungurumo wa lori linauacha upite.

VINAVYOSAIDIA, KUANZIA BEI YA CHINI

1. Hamisha kitanda. Kichwa kikae mbali na dirisha, ikiwezekana ukuta wa pili. Hii ni bure.

2. Ziba nyufa. Kati ya fremu na ukuta weka saruji au silikoni. Sehemu zinazofunguka weka raba ya kubandika, ile ya milango, ili dirisha likifungwa libane. Aluminiamu ya kuteleza mwambie fundi abadilishe vibrashi vilivyokwisha.

3. Kifuniko cha usiku. Hiki ndicho kilichotukomboa sisi. Plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kama kilo 10 hivi kwa mita moja ya mraba, sawasawa na kioo cha milimita 4. Fundi seremala akate kipande kipana kuliko tundu la dirisha, azungushie raba pembeni, kisha akiwekee bawaba na makomeo ya kukibana ukutani kwa ndani. Usiku unafunga, asubuhi unafungua. Ukihama unaondoka nacho, unaacha matobo ya skrubu tu. Ila umwambie mwenye nyumba kabla hujatoboa.

4. Dirisha la pili la kioo. Kwa mwenye nyumba yake. Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya kioo na kioo. Vioo viwili vilivyokaribiana sana vinasaidia joto zaidi kuliko kelele. Kuongeza unene peke yake, mfano kutoka milimita 4 hadi 8, kunakupa kama desibeli 5 tu. Ukiwa na uwezo, ulizia kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa na plastiki katikati, kama cha mbele ya gari. Ile plastiki inameza mtikisiko.

JOTO JE?

Najua mtauliza. Dar mwezi wa pili ukifunga dirisha unaiva. Kama chumba kina madirisha mawili, ziba la upande wa barabara, acha la uani, weka feni. Kama ni moja, tengeneza njia ya hewa yenye kona: sanduku la plaiwudi, hewa iingilie chini kwa nje na itokee juu kwa ndani, na ndani ya sanduku bandika vipande vya sponji. Hewa inakata kona, kelele inagonga sponji na kuchoka njiani. Hapa sponji ina kazi, kwa sababu sauti inalazimika kupita juu yake. Haitakuwa kimya kabisa, ila utapumua.

NA HII NI YA UHAI: chumba kilichozibwa usiingize jiko la mkaa, hata kama moto umebaki kidogo. Ile hewa ya sumu haina harufu, inaua watu wamelala. Pia makomeo yawe ya kufungua kwa mkono bila funguo, moto ukitokea usihangaike gizani.

BESI YA BAA

Hapa niwe mkweli. Besi ya hezi 60 ina wimbi la karibu mita 6, linatikisa ukuta na bati kwa pamoja. Hakuna raba ya dirisha itakayolimaliza. Dawa yake ni kwenye chanzo. Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Anzia serikali ya mtaa, halafu afisa mazingira wa manispaa, halafu NEMC. Andikeni barua majirani wengi pamoja, mtaje tarehe na saa. Malalamiko ya mtu mmoja yanaitwa wivu, ya nyumba kumi yanaitwa kero. Wadau wa Kenya nanyi mna kanuni zenu za mwaka 2009 chini ya NEMA.

Haya, mwenye ujuzi zaidi, hasa mafundi aluminiamu na seremala, mwageni bei na maujanja hapo chini. Na ukipima kwa godoro, tuambie kelele ilikuwa inapitia wapi.

Nawasilisha.