Kidinga pepo: Kwa nini mwanahistoria achunguze homa na mitungi ya maji?

Tukisema historia, wengi wetu hukumbuka masultani, wakoloni na tarehe za uhuru. Mbu hatumkumbuki, wala mtungi wa maji. Lakini wapo wanahistoria walioyaacha makaratasi ya wafalme wakaingia katika habari za maradhi, mazingira na sayansi. Wanavutiwa na nini? Tuchukue mfano wa nyumbani.

Mwaka 1870 Unguja ilikumbwa na homa ya ghafla iliyokaza viungo. Daktari kutoka Scotland, James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini, aliandika kuwa wenyeji waliiita kidinga pepo. Wazee walimweleza kuwa haikuwa ngeni, walishaiona karibu mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaosema neno dengue, linalotumiwa leo na madaktari dunia nzima, lilitokana na jina hilo la Kiswahili.

Hata hivyo, maumivu aliyoyaeleza yanafanana zaidi na chikungunya, maradhi yaliyotambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953 na kupewa jina la Kimakonde lenye maana ya kupinda. Baadhi ya watafiti wanaona kuwa huenda kidinga pepo ya Unguja ilikuwa ndiyo hiyo, kisha jina likahamia ugonjwa mwingine. Daktari peke yake hawezi kulikata shauri hili, kwani wagonjwa wale wamekwishazikwa. Mwanahistoria naye hawezi, asipojua habari za mbu na virusi.

Mazingira nayo yamo. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame. Watu wakikosa maji huyaweka majumbani katika mapipa na mitungi, na mbu aina ya Aedes huzaliana humo humo. Mwaka 2005 maradhi yakafika Ngazija, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, yaani theluthi moja ya wakaazi.

Dar es Salaam nayo ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kwa hiyo haya si mambo ya kale tu.

Lau Christie asingewauliza wazee, ile homa ya 1823 tungeijuaje? Ndugu msomaji, uwe Muscat, London au Tanga, kama una bibi au babu anayekumbuka maradhi ya zamani na majina yake, muulize sasa, uyaandike. Akishaondoka, hakuna maktaba itakayotujibu.