Usiihepe chai ya saa kumi, badilisha kilicho mezani

Je, tangu ujifungue umekuwa ukitoa visingizio kila marafiki wanapokualika chai ya saa kumi? Akina mama wengi hufanya hivyo. Nguo za zamani hazitoshi, mwili umenenepa, na meza yenye mandazi, keki na sambusa huonekana kama mtego. Hivyo basi, mama huamua kujifungia nyumbani hadi apungue kwanza. Uamuzi huo una hasara kuliko faida.

Miezi ya kwanza ya malezi huwa na upweke mwingi. Ukishinda na mtoto mchana kutwa bila mtu mzima wa kuzungumza naye, uchovu na kukosa usingizi huweza kukulemea. Majonzi ya siku chache baada ya kujifungua ni ya kawaida, na kwa kawaida huisha katika muda wa wiki mbili. Yakizidi hapo, au ukijikuta huna hamu na lolote, hata mtoto, nenda kliniki ukaeleze. Huo ni ugonjwa na unatibika. Mara nyingi rafiki ndiye huyatambua mabadiliko hayo kabla ya mwenyewe. Kunywa chai na wenzako, basi, ni sehemu ya kujitunza.

Sukari ikae mezani

Kinachohitaji kurekebishwa ni kile kinachotiwa kikombeni na kwenye sahani. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba ni bora zaidi mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani takriban vijiko 6 vya chai. Ukinywa vikombe viwili vyenye vijiko vitatu kila kimoja, umeshamaliza kipimo chako cha siku kabla ya kuonja keki.

Suluhisho ni rahisi. Mwenye nyumba asitie sukari kwenye sufuria. Bakuli la sukari liwekwe mezani na kila mgeni ajitilie. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi utazoea. Tangawizi na iliki nazo zitakusaidia usiukose utamu sana.

Chai na damu

Jambo la pili ni wakati wa kunywa. Mama hupoteza damu anapojifungua, na wengi hubaki na upungufu wa madini ya chuma. Chai ina tanini, ambazo huyashika madini hayo tumboni, hasa yale yatokanayo na mboga na maharagwe, yasiingie mwilini vyema. Kwa sababu hiyo, usiteremshie sukuma wiki na ugali kwa chai, wala usimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai. Ngoja saa moja au mbili baada ya chakula. Kwa bahati nzuri, aliyekula chakula cha mchana saa saba atakuwa tayari kwa chai ifikapo saa kumi! Wakati wa chakula, kula chungwa au pera, kwani vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma.

Vitafunio na miguu

Mandazi hunyonya mafuta yanapokaangwa, na kila gramu ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya maradufu ya zile za wanga. Si lazima uyaage kabisa. Kula moja, kisha ujaze sahani kwa nduma, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu au njugu chache. Mkikutana kwa zamu, kama mfanyavyo katika chama, kubalianeni kwamba kila nyumba itaandaa vyakula vya aina hiyo.

Iwapo unanyonyesha, usijinyime chakula ili upungue haraka. Mwili unahitaji nguvu zaidi kutengeneza maziwa. Afadhali utembee. WHO hushauri dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Shuka matatu kituo kimoja au viwili kabla ya kwa rafiki yako, au mtembee pamoja baada ya chai, watoto wakiwa mgongoni. Aliyejifungua kwa upasuaji amwulize daktari kabla ya kuanza.

Ushauri huu unawahusu akina baba pia, kwani usiku wa kukesha na mtoto na vikombe vya chai yenye sukari nyingi huwaongezea kitambi.

Na utakapompeleka mtoto kupata chanjo, omba nawe upimwe damu. Kisha wapigie wenzako simu, uwaambie Jumamosi chai iko kwako.