Pikapu ya dizeli ya mtumba kwenda Ziwa Nyasa: Hela ianze kwenye breki na rejeta, winchi baadaye

Lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imewadanganya wengi. Unateremka vizuri, kona zina alama, na ukiliona Ziwa Nyasa kwa mbali unajiona umeshafika. Kumbe safari yenyewe inaanza pale lami inapoishia. Ukikata kufuata ufukwe kwenda Liuli na Lituhi, sehemu kubwa ni udongo, mawe, mchanga na vijito vinavyotoka milimani kuingia ziwani. Gari likikufia huko, fundi wa karibu pengine ni wa pikipiki, na spea ya pikapu yako itabidi itoke Mbinga au Songea.

Wapo wanaotaka kuzunguka huko na familia, hema na majiko yao, na chaguo la kwanza ni pikapu ya dizeli iliyotumika. Ni chaguo zuri. Tatizo ni hela inakokwenda baada ya kununua: bampa la chuma, taa nane juu ya kabati, winchi, rangi ya jeshi. Gari linapendeza kwenye picha, halafu linachemsha kwenye mlima wa kwanza.

Tuseme umeshanunua na umebakiwa na milioni tatu za matengenezo. Makala haya yanaeleza ziende wapi kwanza.

Injini: sikiliza ikiwa ya baridi

Ukienda kukagua pikapu, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyokwishapata moto huficha mengi. Iguse kwa mkono, iwe ya baridi, ndipo iwashwe. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi ya Mbinga si ajabu, lakini ukiendelea baada ya injini kupata moto, uliza maswali. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Moshi mweusi mzito mara nyingi ni nozo, pampu ya dizeli, au chujio la hewa lililoziba.

Kisha fungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipumua kwa nguvu kiasi cha kurusha kifuniko, pistoni na ringi zimechoka.

Kuhusu aina, injini za zamani zisizo na kompyuta, kama Toyota 3L na 5L, Nissan TD27 au 1HZ ya Land Cruiser, hazina mbio, ila fundi wa kawaida anazimudu. Hilux za baadaye zenye 1KD na 2KD zina nguvu zaidi na hula mafuta vizuri, lakini nozo zake hazipendi uchafu na kuzirekebisha si kazi ya chini ya mwembe. Mimi ningechukua 5L nzima kuliko 1KD yenye historia isiyojulikana. Uvivu wake mlimani unavumilika.

Jambo moja linasahaulika: taimingi belti. 3L, 5L, 1HZ, 1KD na 2KD zote zina belti. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa, na ubadilishe wewe kabla ya safari yoyote. Ikikatika, pistoni hugonga valvu na unaanza kutafuta silinda hedi. TD27 inatumia gia badala ya belti, hapo umepona.

Hakikisha pia namba ya injini iliyomo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Pikapu nyingi zimeshabadilishwa injini, na mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yameingizwa TRA. Hilo umalizane nalo kabla ya kulipa.

Rejeta

Injini nyingi za dizeli zinauawa na joto. Kutoka Mbinga kupandisha Litembo, au kurudi kutoka ziwani, unapanda muda mrefu kwa gia ndogo, mwendo mdogo, gari limejaa. Upepo unaoingia mbele ni kidogo wakati injini inafanya kazi kubwa kuliko siku zote. Rejeta iliyoziba nusu haitakusumbua mjini. Itakusumbua hapo.

Mafundi wetu wengi wana dawa moja ya gari linalochemsha: kung'oa themostati. Mwambie hapana. Themostati kazi yake ni kuiwezesha injini kufika kwenye joto lake na kubaki hapo. Bila hiyo, asubuhi za Juni na Julai kwenye milima ya Wamatengo injini inatembea ya baridi, inakula mafuta zaidi na inachakaa haraka. Na ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, bado upo palepale.

Toa rejeta isafishwe ndani na nje, au nunua nyingine. Badilisha mipira yote ya maji, belti ya feni, kifuniko cha rejeta na themostati. Weka kulanti, siyo maji ya bomba, kwa sababu maji matupu hutengeneza kutu na kutu ndiyo inayoziba rejeta mpya uliyoilipia. Angalia na kiunganishi cha feni: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ikizunguka huru kama pangaboi, imechoka.

Ongeza geji ya joto yenye namba. Mshale wa dashibodi kwenye magari mengi hukaa katikati hadi mambo yameshaharibika.

Breki za kuteremkia ziwani

Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mbinga mjini ni zaidi ya mita 1,200. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 700 unaishusha kwa breki, ukiwa na watu, maji, mafuta na mizigo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyokwenda, na yakiwa na maji huchemka kwa joto la chini. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Hakuna aliyekata bomba wala kukuroga. Mafuta ni mazee tu. Kila miaka 2 yamwagwe yote, yawekwe mapya. Ni kazi ya bei ndogo kuliko taa moja ya juu ya kabati.

Halafu kuna tabia ya kuachia gari nyutro mteremkoni "kuokoa mafuta". Haiokoi kitu. Gari la dizeli likiwa kwenye gia na hujakanyaga mafuta, pampu hukata dizeli, wakati kwenye nyutro injini inaendelea kuyanywa ili isizime. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, kwa kawaida ya pili au ya tatu, na breki zipumzike.

Jambo lingine mafundi wachache hulizungumza. Pikapu nyingi za zamani zina valvu juu ya ekseli ya nyuma, imeungwa na fito. Mzigo ukiishusha bodi, valvu inaruhusu breki ya nyuma ishike zaidi. Bodi ikiwa juu, inaipunguza. Sasa wewe ukinyanyua gari kwa springi ndefu bila kurekebisha ile fito, valvu inadhani gari ni tupu wakati wote, na breki za mbele zinabeba kazi yote. Mwenye gari anasema "breki za hii gari ni dhaifu tu kiasili". Si kweli. Ni fito ya sentimita chache.

Uzito

Hapa ndo pikapu nyingi zinaharibikia. Piga hesabu. Watu watano kwa wastani wa kilo 70 ni kilo 350. Maji lita 60 ni kilo 60. Dizeli ya akiba lita 40 ni kama kilo 34. Hema la juu ya gari huweza kufika kilo 60. Winchi na bampa lake la chuma vikiwa pamoja huweza kuzidi kilo 80. Hujaweka jiko, chakula, spea wala tairi ya pili. Pikapu ya milango minne yenye uwezo wa kubeba kilo 700 au 800 imeshajaa kabla bibi hajapakia muhogo wake.

Kila kilo unayoongeza inadai kitu kwenye springi, breki, klachi na rejeta. Kwa hiyo, kwenye safari za huku, winchi iachie mwingine. Kamba imara ya kuvutia, sepetu, mbao mbili za kutandika chini ya matairi, na gari la pili mnalosafiri nalo vinatosha sehemu nyingi.

Springi za majani za nyuma zikaguliwe jani moja moja. Jani lililopasuka hujificha chini ya matope. Ukiongeza majani, ongeza kwa mzigo utakaobeba kweli, maana springi ngumu kupita kiasi kwenye gari tupu hupiga chasisi.

Na chasisi yenyewe uipige nyundo taratibu kote, hasa juu ya ekseli ya nyuma. Ikilia kwa sauti kavu ni nzima. Ikitoa sauti ya kudumba na kumwaga unga mwekundu, achana nayo hata kama rangi inang'aa. Maji ya Nyasa ni baridi na hayana chumvi, hayataila. Gari lililoishi pwani, au kwenye nchi wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, linaweza kuja limeshaliwa.

Fowili iliyolala

Kuna wauzaji wanasema kwa fahari: "Hii haijawahi kuwekwa fowili hata siku moja." Hiyo ni sababu ya kuwa na wasiwasi. Mfumo usiotumika hukauka grisi na kushika kutu, na kwenye baadhi ya pikapu propela ya mbele ilishang'olewa kitambo. Ijaribu kwenye udongo, siyo kwenye lami kavu, kwa fowili ya kawaida na ile ya nguvu. Ukishainunua, iweke fowili angalau mara moja kwa mwezi, kilomita chache kwenye vumbi.

Matairi nitapita haraka: ukubwa uleule wa kiwandani, yenye nyuzi nyingi, na usome tarehe. Tarakimu nne ubavuni, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini ya miaka 10 ni mpira mkavu. Beba spea mbili na kompresa, kwa sababu kwenye mchanga wa ufukweni utapunguza upepo, na baadaye lazima uurudishe.

Wakati wa masika vijito hujaa. Kabla ya kuvuka, mtu ashuke atembee. Pasipovukika kwa miguu hapavukiki kwa gari. Injini ikizima ndani ya maji usiiwashe tena. Maji yakiingia kwenye silinda hayabonyei, na kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Wengi hukimbilia kufunga snoko, lile bomba la kuvutia hewa juu. Ni sawa, ila snoko isiyozibwa vizuri kwenye maungio ni pambo tu. Cha kwanza ni vipumulio vya difu. Difu ya moto ikizama kwenye maji ya baridi huvuta maji ndani, na wiki moja baadaye oili imekuwa kama chai ya maziwa. Mpira wa mita mbili uliopandishwa hadi karibu na injini unamaliza tatizo.

Dizeli ya dumu

Jaza tangi Mbinga. Huko mbele mafuta ya kwenye madumu yapo, lakini hujui dumu lilikuwa na nini jana. Niliwahi kununua lita 20 kijijini, jioni, bila kuangalia. Baada ya kilomita chache gari likaanza kukohoa, likazima, na tulilala palepale. Asubuhi nilifungua chujio: nusu ilikuwa maji. Nilikuwa na chujio moja la akiba, ndilo lililotutoa.

Tangu hapo nabeba mawili, na chupa nyeupe. Dizeli inamiminwa kwanza kwenye chupa, inaachwa dakika kumi. Maji ni mazito, yanakaa chini na yanaonekana. Chujio lenye kitenganisha maji na koki ya kumwagia chini ni kitu cha kufunga mapema, hasa kwa 1KD na 2KD. Beba pia belti za feni, mpira wa maji, fyuzi, waya, mafuta ya breki na kipande cha sabuni ya mche. Tangi likitobolewa na jiwe, sabuni iliyokandwa na kusukumwa kwenye tundu huzuia mvujo hadi ufike kwa mchomeleaji.

Usifanye safari ya kwanza kwenda Lituhi. Pakia gari mzigo wote, nenda Litembo na urudi, ukiangalia geji ya joto. Wiki inayofuata teremka Mbamba Bay. Ukifika, kabla watoto hawajakimbilia ziwani, zunguka gari na usogeze mkono karibu na kila ringi. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki inashika au bearing inakufa. Litengenezwe hapo hapo, na Liuli mwende kesho.