Jiwe la Mugere si Ujiji: kwenda na kurudi siku moja kwa basi kutoka Bujumbura

Kwa wasionijua, mimi ni kijana wa Katonga, kule mwaloni kwa dagaa na migebuka. Nimemaliza kidato cha nne na kwa sasa niko Burundi, naishi kwa shangazi yangu Buyenzi, hapa Bujumbura. Ni ughaibuni ndiyo, ila ughaibuni wa jirani. Ziwa ni lile lile, Kiswahili Buyenzi kinaongewa mpaka watoto, na Kiha cha bibi yangu kinasikilizana na Kirundi bila shida.

Sasa kuna ubishi mmoja ambao umenifuata tangu nifike. Vijana wa hapa wakisikia natoka Kigoma wananiambia: "Nyie mnajisifia bure na Ujiji yenu. Livingstone na Stanley walikutana hapa kwetu, na jiwe lipo." Kweli jiwe lipo. Liko Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa Bujumbura, na limechongwa majina ya wazungu hao wawili na tarehe 25 Novemba 1871. Nimeshaenda mara mbili kwa basi, asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo leo naeleza yote mawili: linasema nini hasa, na wewe mgeni unafikaje bila kukodi gari.

Tuanze na ubishi. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo inabishaniwa, maana wote wawili walikuwa wamepoteza hesabu ya siku njiani kwa magonjwa, lakini mahali habishani mtu aliyesoma habari zao. Mtu wa kwanza kumpokea Stanley pale alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kumsalimia. Hilo ni Ujiji, na mnara wake upo mpaka leo.

Tarehe 16 Novemba wakapanda mtumbwi kwenda kaskazini. Tarehe 25 wakafika kwenye kijiji cha mtemi aliyeitwa Mukamba, ndiyo Mugere hiyo, wakalala siku mbili. Kwa hiyo ukiangalia tarehe iliyo kwenye jiwe lenyewe, ni siku 15 baada ya Ujiji. Jiwe halijadanganya mtu, tatizo ni watu kutolisoma.

Na walikuwa wanatafuta nini huko? Hapa ndipo kwangu mimi Mugere inakuwa tamu kuliko ile salamu ya Ujiji ambayo kila mtu anaijua. Wazungu wa wakati ule walikuwa wanagombania chanzo cha mto Nile. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858. Speke akaja kusema chanzo ni ziwa Victoria, Burton hakukubali. Swali likawa dogo tu: mto Rusizi ulioko kaskazini ya Tanganyika, maji yake yanaingia ziwani au yanatoka? Kama yanatoka, basi ziwa letu huenda linalisha Nile. Burton na Speke walijaribu kuufikia hawakuweza, ingawa wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaenda wakauona kwa macho: unaingia. Unatoka ziwa Kivu na kumwaga huku. Maji ya Tanganyika yanatokea upande wa Congo, kwa mto Lukuga pale Kalemie, mpaka bahari ya Atlantiki. Wenyeji walikuwa sahihi miaka 13 kabla, ila majina yao hayapo kwenye jiwe.

Wala wapiga makasia hawapo. Mimi nimekulia Katonga, najua kuvuta kasia kutwa nzima ni kazi gani. Hawa walivuta kutoka Ujiji mpaka kule, siku tisa na vituo vyake, kisha kurudi. Hao ndio waliokuwa usafiri wa siku hizo, na walikuwa watu wa mwambao wetu. Nililisema hili kwa mzee mmoja niliyemkuta pale jiweni anazungusha wageni. Alicheka akasema, "Kijana wangu, nani angechonga majina yote hayo?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, lakini mawili yamepata nafasi."

Haya, njia sasa.

Basi zinazoelekea kusini, za Kabezi na Rumonge, zinapita Mugere. Usimwambie konda "jiwe la Stanley" tu, wengine hawalijui. Sema Mugere, halafu mkumbushe mkishapita Ruziba. Unashuka barabarani, unapanda kidogo upande wa milimani, na ukifika juu unaliona ziwa lote mpaka milima ya Congo ng'ambo. Salamu ya asubuhi ni "mwaramutse". Ukiitoa kwanza kabla ya Kiswahili watu wanakuchangamkia.

Mambo ya kushika ni haya. La kwanza ni saa. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Kama simu yako bado ina saa za nyumbani, utafika kituoni mapema na kulaumu watu bure, hilo si baya. Baya ni jua: huku linazama karibu saa kumi na mbili kwa saa zao, na wewe unajiona bado una muda.

La pili ni upande wa barabara. Warundi wanaendesha kulia. Wakati wa kwenda ziwa liko mkono wako wa kulia na basi linapita upande huo huo wa ziwa. Wakati wa kurudi Mtanzania kwa mazoea atavuka aende kusimama upande wa ziwani, na pale atapungia magari yanayokwenda Rumonge. Usivuke. Simama upande wa milimani, pale pale uliposhukia kutoka jiweni.

La tatu ndilo zito: mafuta. Kuanzia 2021 Burundi imekuwa ikipata uhaba wa mafuta mara kwa mara, na siku pampu zikikauka basi zinapungua, foleni za abiria mjini zinakuwa ndefu na watu wengi wanatembea kwa miguu. Kwa hiyo kabla ya kutoka angalia kituoni asubuhi. Ukiona foleni imejikunja mara mbili, ahirisha, jiwe haliendi popote. Na ukienda, anza kurudi saa nane mchana, siyo saa kumi. Gari zinazotoka Rumonge zinafika Mugere zimeshajaa. Bora usubiri inayoanzia Kabezi, au utembee kuelekea Ruziba huku unapunga. Usitegemee pia bodaboda ikufikishe mpaka katikati ya mji, maana bodaboda, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku huko Machi 2022.

Karatasi zako tembea nazo, pasi au hati ya safari uliyogongewa muhuri Manyovu, siyo kopi. Na mwenyeji wako akuandikishe kwenye daftari la kaya. Shangazi aliniandikisha wiki ya kwanza, akaniambia mgeni asiyeandikwa anamletea mwenye nyumba maswali, siyo yeye mwenyewe tu. Kwa sisi tuliozoea kulala popote pale Kigoma hili linaonekana usumbufu, lakini ndivyo nyumba za watu zinavyoheshimiwa huku.

Buyenzi ubishi bado unaendelea. Wiki iliyopita mmoja amekubali tarehe lakini anasema Ujiji walisalimiana tu, urafiki wenyewe ulianzia Mugere. Mdau wa Ujiji mwenye jibu la huyu jamaa aliweke hapo chini kwenye maoni, nitampelekea jioni. Na kama kuna aliyepanda hadi Rumonge na kurudi siku hiyo hiyo, atuambie gari ya mwisho ni saa ngapi.