Mwanariadha na maji: kiasi gani kinatosha?

Ramadhani inapoingia katika mtaa wa Fordsburg, magharibi mwa kitovu cha jiji la Johannesburg, wakaazi wengi Waislamu hufunga kutwa nzima na kufuturu kwa tende na maji jua linapotua. Miongoni mwao wamo wacheza kandanda, wacheza kriketi na wakimbiaji wa mbio ndefu ambao hawaachi mazoezi kwa mwezi mzima. Kwao swali hili ni la kila siku: je, misuli inaweza kufanya kazi gani bila maji, na baada ya futari mtu anywe kiasi gani?

Swali hilo litazidi kuwa zito. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku zipatazo 11, na kwa sababu hiyo Ramadhani inasogea kuelekea majira ya joto ya Afrika Kusini. Mwaka 2030 inatazamiwa kuingia mapema mwezi Januari na kisha tena mwishoni mwa Desemba, wakati ambapo jua la Johannesburg hukaa angani kwa karibu saa 14.

Takriban robo tatu ya msuli ni maji. Aidha, sehemu kubwa ya nishati inayotumika msuli unapofanya kazi haigeuki kuwa mwendo, bali joto. Damu hulibeba joto hilo hadi kwenye ngozi, na jasho hulitoa nje. Mwili ukipungukiwa na maji, damu nayo hupungua wingi, na moyo hulazimika kupiga haraka zaidi ili kuitosheleza misuli na ngozi kwa wakati mmoja. Ndipo mkimbiaji anapohisi kwamba mwendo ule ule wa jana leo umekuwa mzito.

Kwa miaka mingi wataalamu wametaja asilimia 2 ya uzito wa mwili kuwa ndio mpaka ambao ukivukwa, uwezo wa kustahimili mbio ndefu huanza kushuka, hasa kwenye joto. Kwa mtu mwenye kilo 70, hiyo ni chini kidogo ya lita moja na nusu ya jasho. Johannesburg, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, huongeza ugumu: hewa ni nyembamba, mtu huhema zaidi na kupoteza maji kwa pumzi, na hewa inapokuwa kavu jasho hukauka upesi kabla mwenyewe hajatambua limemtoka kiasi gani.

Hata hivyo, mpaka huo si sheria isiyobadilika. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Dubai mwaka 2009, ilhali watafiti walikadiria kwamba alipoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake.

Hata imani iliyoenea kwamba misuli hukaza kwa sababu ya ukosefu wa maji na chumvi imetiliwa shaka, na hilo limefanyika Afrika Kusini kwenyewe. Profesa Martin Schwellnus na wenzake waliwachunguza wakimbiaji wa mbio za kilomita 56 za Two Oceans mjini Cape Town, na hawakuona kwamba waliokazwa na misuli walikuwa wamepungukiwa na maji kuliko wengine. Maelezo yao ni kwamba msuli uliochoka hupokea amri zilizovurugika kutoka kwenye neva. Ndiyo maana kuunyoosha taratibu huleta nafuu haraka.

Hatari iliyochelewa kufahamika ni ya kunywa maji kupita kiasi. Mwaka 1981, katika mbio za Comrades zenye urefu wa karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, mwanamke mmoja alizimia baada ya kunywa maji mengi njiani. Mwaka 1985 Profesa Tim Noakes wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichapisha habari za wanariadha wanne waliopatwa na hali hiyo. Maji yakizidi, madini ya sodiamu katika damu hupungua, maji huingia kwenye chembechembe za mwili, na ubongo huvimba ndani ya fuvu. Mjini Boston mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 wa marathoni waliopimwa, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo wa sodiamu.

Jambo la kutisha ni kwamba dalili zake, yaani kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, hufanana na za mtu aliyekaukiwa. Anayempa maji zaidi mgonjwa wa aina hiyo kwa nia njema huenda akamwangamiza.

Kwa mwanariadha anayefunga, funzo ni kwamba asijaribu kulipa deni la kutwa nzima kwa mkupuo mmoja. Mazoezi mazito yafanywe baada ya kufuturu, au karibu na wakati wa futari. Maji yanywewe kidogo kidogo hadi wakati wa daku, pamoja na supu na matunda, kwani chumvi ya chakula huusaidia mwili kuyahifadhi maji hayo. Kujipima uzito kabla na baada ya mazoezi huonyesha jasho lililotoka, kwa kuwa kilo moja iliyopungua ni sawa na takriban lita moja. Aliyeongezeka uzito baada ya mbio amekunywa kupita kiasi. Wenye maradhi ya figo au kisukari wamwone daktari kabla ya kuanza.

Dini yenyewe imempa msafiri na mgonjwa ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye. Mwezi Julai mwaka 2012, Ramadhani ilipomkuta ugenini mjini London, mcheza kriketi Hashim Amla aliitumia ruhusa hiyo ya safari. Katika uwanja wa The Oval alipata mikimbio 311 bila kutolewa, akawa Mwafrika Kusini wa kwanza kufikisha 300 katika mechi ya Test.

Kwa asiyefunga, ushauri wa wataalamu wengi leo ni mwepesi kukumbuka: kiu ikija, kunywa, ikiisha, acha.